Daraja la Chumvi

Maharage ndiyo yaliyotangulia kusema.
Alasiri nzima sufuria inatokota, moto haujalala,
na punje bado inagonga jino kama kokoto.
Kisha sabuni ikagoma kutoa povu,
birika likaota ukoko mweupe tumboni,
na Kabula akashuka ngazi ameshika nywele zake:
"Mama, zimekuwa makumbi."

Basi nikateremka chini ya nyumba,
chumba kisicho na dirisha, Guelph, mwezi wa pili,
theluji imeziba njia ya gari,
na fundi ameshasema kwa simu, hata hajaiona:
"Umri wake umekwisha, bibi.
Dola elfu mbili na mia nane, kodi bado."
Nikamwambia nitafikiri.
Nilikuwa nimeshafikiri.

Matangi mawili, moja jembamba, moja nene,
yamesimama kama maharusi walionuniana kabla ya picha.
Saa ya mashine inasema tisa alasiri.
Yangu inasema mbili usiku.
Novemba umeme ulikatika kwa muda wa saa tano
na hakuna aliyeiambia.
Iliyopaswa kujiosha saa nane za usiku, sote tumelala,
ikawa inajiosha alfajiri imeshapita, sisi tumo bafuni,
tunajipaka sabuni kwa maji magumu kama deni.

Nikasogeza mshale. Ningefurahi lingekuwa kosa la pekee.

Nikafunua tangi la chumvi.
Limejaa. Jeupe, limetulia, limefika kifuani.
Nikaligonga kwa kifundo cha kidole,
likaitika kama debe.
Nikachukua mpini wa fagio, nikachoma. Kimya.
Nikachoma tena.
Mara ya tatu uso ukapasuka,
mpini ukazama hadi kiwiko changu kikalowa,
na chini hapakuwa na kitu:
pango, unyevu, harufu ya jiwe.
Chumvi ilikuwa imeshikana kwa jasho lake yenyewe,
ikajijengea daraja,
na maji yakipita chini yake bila kuionja.

Miezi mingapi nimefunua, nikaona weupe,
nikafunika, nikasema: ipo?
Hivyo hivyo humpigia simu kaka yangu Manyoni.
Nasikia "salama", nafunika.

Kichwani mwa mashine kuna kijitundu;
mbele yake tundu la sindano ni lango.
Kimezibwa na kutu.
Nikakiloweka katika siki, nikakichokonoa kwa kijiti cha meno,
mwishowe nikakipuliza kwa mdomo,
na ulimini ikanijia ladha ya kisima chetu,
kile tulichokitukana kila asubuhi.
Mama angecheka: mnanunua chumvi kwa mifuko
ili maji yalainike?
Lakini yeye mwenyewe alitupia magadi kwenye chungu cha maharage,
chembe mbili tatu, bila kueleza.

Ndani ya kifuniko kuna mwandiko wa penseli,
wa Bi. Verhoeven aliyetuuzia nyumba.
Machi 1998, mifuko miwili. Juni, mmoja.
Miaka inateremka, herufi zinaanza kulala,
mpaka: Joop hayupo tena. Mfuko mmoja unatosha.
Baada ya hapo, bati tupu.

Nikatafuta penseli.
Februari, nikaandika, kwa lugha ambayo bati hili halijaisikia.
Daraja limevunjwa. Saa imewekwa sawa. Mifuko mitatu.
Sikuandika kwamba valvu bado inadondosha,
tone, kisha tone; hilo nimelitegea bakuli.

Saa nane za usiku nikaisikia ikiamka:
ikaguna, ikavuta pumzi ndefu,
ikakohoa kama mtu aliyeulizwa hali
na safari hii anajibu kweli.
Jikoni maharage mapya yamelowekwa.
Kesho yatatoa ushahidi.
Na kabla hayajaiva nitapiga simu Manyoni,
nikiambiwa "salama"
nitagonga tena.